Binti wa Mwinjilisti na Tasnifu ya Ulanzi

Nilikuwa nimefundisha baiolojia miaka kumi na moja kabla sijawa mwanafunzi tena. Shule yangu iko nje kidogo ya mji wa Iringa. Ruhusa ya masomo ilipofika, nilifunga sanduku siku hiyohiyo ingawa chuo kilikuwa hakifunguliwi mpaka baada ya wiki tatu. Nilikuwa nakwenda Mbeya kusoma shahada ya uzamili ya sayansi, na furaha niliyokuwa nayo ilikuwa ya kijinga kabisa. Nilinunua begi la mgongoni la rangi ya chungwa, kalamu za rangi tano, na rula. Rula! Mtu mwenye miaka thelathini na saba.

Siku ya kwanza tulikusanywa ukumbini, wanafunzi wapya wa uzamili kama arobaini hivi. Mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo alisimama mbele. Alikuwa ndiye mwenye ofisi ya uzamili, na baadaye nilikuja kujua kwamba hakuna karatasi iliyoingia wala kutoka chuoni bila kupita mikononi mwake. Alitugawia kitabu cha kanuni, chembamba, cha jalada la bluu.

"Kitabu hiki," alisema, "ndiye mume wenu kwa miaka miwili. Mkikidharau, kitawaacha."

Pembeni yangu alikaa mtawa wa Kikatoliki, mfupi, mwenye uso wa mtu anayezuia kicheko. Akanyoosha mkono.

"Samahani mama, mimi nimeshaolewa na Bwana."

"Basi Sista, kwako wewe kitakuwa wifi."

Ukumbi mzima ulipasuka. Sista mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Tukawa marafiki palepale, yeye Mkatoliki mwenye shela na mimi Mlutheri binti wa mwinjilisti, sote wa Iringa. Yeye alikuja kusomea maji. Mimi nilikuwa sijui bado nimekuja kusomea nini, ila nilikuwa na rula.

Ukaja wakati wa kuchagua kozi. Kozi za lazima zilikuwa zimeshapangwa, hazikuwa na mjadala. Za hiari zilikuwa mbili, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilizichagua kama mtoto aliyepelekwa dukani na shangazi. Kulikuwa na kozi ya uyoga, na mimi uyoga naupenda tangu nikiwa mdogo, tulikuwa tunauokota mvua zikianza. Nikajiandikisha. Kulikuwa na kozi ya wadudu wachavushaji, yenye safari ya kwenda kuangalia nyuki milimani. Nikajiandikisha na hiyo.

Sista alikuwa anasoma kitabu cha kanuni kwa penseli, anapiga mistari.

"Umesoma ukurasa wa kumi na nne?" aliniuliza.

"Nitausoma."

Sikuusoma. Nilikuwa na haraka ya kwenda kwenye uyoga.

Mwaka wa kwanza ulipita kama harusi. Nilikuwa nimepanga chumba Iyunga, na kila asubuhi nilienda chuo nikiwa nimewahi kuliko wafagizi. Kwenye uyoga nilipata alama ya juu kabisa. Nyuki waliniuma mara mbili na niliwasamehe. Kisha nikapangiwa msimamizi wa utafiti, daktari mmoja wa Kinyakyusa, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye ofisi yake ilijaa chupa za udongo na migomba miwili kwenye ndoo.

Nilimpelekea mada yangu, ya maji ya mabwawa ya samaki. Alisoma ukurasa wa kwanza, akaweka karatasi mezani taratibu.

"Kwenu wapi?"

"Iringa, Daktari. Upande wa Kilolo."

"Kilolo kuna mabwawa ya samaki?"

"Lipo moja. La misheni."

"Moja. Na kuna kitu gani kingi, ambacho mtu akitoka Mbeya akifika kwenu anakiona kila bonde?"

"Mianzi."

"Enhe. Na mianzi inatoa nini?"

Inabidi nieleze. Baba yangu ni mwinjilisti. Nyumbani kwetu neno ulanzi, yaani pombe ya mianzi, halikutamkwa. Tulizungukwa na mianzi pande zote, wagema walipita mlangoni kwetu na madumu asubuhi na jioni, na sisi watoto tulifundishwa kutazama upande mwingine. Ikilazimu sana kutaja, tuliita "kile kinywaji."

"Inatoa... maji, Daktari."

Alicheka mpaka katibu muhtasi wa chumba cha pili akachungulia kuona kuna nini. "Maji!" alimwambia. "Mtu wa Kilolo ananiambia mianzi inatoa maji!" Kisha akageuka kwangu, machozi yakimtoka. "Mwalimu, kwenu kuna kitu kinachachuka chenyewe, bila hamira, kimechachuka hivyo tangu mababu, na tuliokiangalia kwa hadubini tunahesabika. Nenda kalale na wazo hilo, kesho uniambie."

Sikulala nalo. Nilikubali kabla sijafika mlangoni. Tatizo lilikuwa moja tu, na tatizo hilo nililipigia simu jioni ileile.

"Shikamoo Baba. Nimepata mada ya utafiti."

"Marahaba. Bwana asifiwe! Inahusu nini?"

"Vijidudu, Baba."

"Vya wapi?"

"Vya kwenye kimiminika."

"Kimiminika gani?"

Nikavuta pumzi. "Ulanzi."

Niliangalia simu kama imekatika.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "mimi nimekulea kwa maziwa."

"Siunywi, Baba. Naupima tu."

"Hata Nuhu alianza kwa kupanda mizabibu tu."

Akaniombea dua fupi kwenye simu, akakata.

Mada ikapita. Haikupita kirahisi, maana kanuni zilitaka kichwa cha tasnifu kisizidi maneno ishirini, na changu kilikuwa na thelathini na moja. Nilikikata kama nguo ya kurithi, nikatoa hapa, nikapunguza pale. Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Wagema hukinga ulanzi kwa kikombe cha mwanzi kinachoitwa mbeta, na mbeta hizo hazioshwi, zinatumika msimu mzima. Nilitaka kujua kama mbeta ikioshwa kwa maji ya moto, vijidudu vinabadilika, na ulanzi unachelewa kuwa mkali. Kila mgema angeweza kunijibu swali hilo, lakini hakuna aliyekuwa amelijibu kwa jedwali.

Mwanzoni mwa mwaka wa pili, mvua zilipokaribia, nilikwenda ofisi ya uzamili kuchukua fomu ya ruhusa ya kukusanya sampuli. Nilikuwa nimevaa gauni jipya. Yule mama alifungua faili langu, akavaa miwani yake, akaanza kuhesabu kozi kwa ncha ya kalamu. Alihesabu mara moja. Akahesabu mara ya pili. Akaniangalia juu ya miwani.

"Mwalimu, umepungukiwa."

"Nimepungukiwa nini, mama?"

"Kozi moja. Kozi za hiari zinatoka makundi mawili, moja kutoka kila kundi. Uyoga ni kundi la kwanza. Nyuki ni kundi la kwanza. Kundi la pili huna kitu."

"Lakini uyoga nilipata A."

"Hongera sana. Uyoga umeupenda na wenyewe umekupenda. Itaandikwa kwenye matokeo yako kama kozi ya ziada. Ila haihesabiki."

"Imeandikwa wapi, mama?"

Alikifungua kile kitabu cha bluu na kunigeuzia. Ukurasa wa kumi na nne.

Kozi ya kundi la pili iliyofundishwa muhula ule ilikuwa moja tu, takwimu za kibaiolojia. Mimi hesabu nilizikimbia tangu kidato cha nne, na ndizo zilizonifanya nichague kuhesabu miguu ya wadudu badala ya kitu kingine. Halafu akaniongezea kanuni nyingine, kwa upole kama mtu anayekuongezea mboga. Mwanafunzi asiyehudhuria robo tatu ya vipindi haruhusiwi kufanya mtihani. Na vipindi vilikuwa Jumatatu na Alhamisi, wiki zilezile ambazo mianzi ya Kilolo hutoa ulanzi. Mvua zikikatika, ulanzi umekwisha mpaka mwaka ujao.

Nilitoka nikaketi kwenye ngazi za nje, nikalia kidogo. Sista alinikuta pale. Nilimweleza yote, kozi, takwimu, mvua, robo tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaketi pembeni yangu, akasema kwa sauti ya sala:

"Ukurasa wa kumi na nne."

Sijui kwa nini ilichekesha kiasi kile. Nilicheka na machozi bado yako shavuni, naye akacheka, na kila tulipotaka kunyamaza mmoja wetu alisema "kumi na nne," tukaanza upya. Watu walipita wakituangalia. Tuliponyamaza, Sista alichukua kalamu yangu ya kijani akachora ratiba nyuma ya bahasha. Jumatatu darasani. Jumanne na Jumatano maabara. Alhamisi darasani. Ijumaa basi la Iringa. Jumamosi bondeni. Jumapili basi la Mbeya.

"Na kanisani?" niliuliza.

"Utasali ndani ya basi. Mungu anapanda."

Hivyo ndivyo nilivyoishi wiki sita, na sijawahi kuwa na wiki sita za furaha kama zile.

Darasa la takwimu lilijaa vijana wa mwaka wa kwanza. Mhadhiri alikuwa dada mdogo, mwembamba, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi. Mlangoni aliniamkia, "Shikamoo mwalimu," kwa adabu zote, kisha akiingia ndani ananiita ubaoni. Wiki ya kwanza nilisimama pale na chaki kama nguzo. Wiki ya pili niliandika kitu, kikawa kosa, akasema, "Kosa zuri, tubaki nalo." Tulibaki nalo nusu saa. Mwisho wa kipindi kile nilielewa kwa nini mtu anapima kitu mara nyingi badala ya mara moja, jambo ambalo nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kwa miaka kumi na moja bila kulielewa.

Bondeni nako nilikuwa na mwalimu mwingine. Huyu alikuwa mama wa makamo, jirani yetu, mgema hodari aliyerithi mianzi kwa mumewe. Jumamosi asubuhi nilimkuta ameshafika, kanga kiunoni, kisu kidogo mkononi.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Umekuja tena kutuosha?"

Nilikuwa nimempa mbeta sita za kuosha kwa maji ya moto na sita za kuacha zilivyo. Kuosha kulimuuma moyo. Alizishika zile sita kwa ncha za vidole, kama nguo za mgonjwa.

"Ukiosha mbeta unafukuza utamu. Unachelewa kuiva."

"Hicho ndicho ninachotaka kujua, mama. Unachelewa kwa kiasi gani?"

"Unachelewa. Ungeniuliza tu, ningekuambia bure, usingehangaika miaka miwili."

Kila Jumamosi alinikingia, nikamimina kwenye chupa kumi na mbili zenye lebo, nikazipanga kwenye kasha la barafu. Daktari alikuwa ameniagiza kitu kimoja kwa kukirudia mara tatu: vifuniko visikazwe. Ulanzi hausimami, unaendelea kuchachuka njiani, hewa lazima ipate pa kutokea. Wiki tatu nilimtii, na wiki tatu basi zima lilinukia. Abiria waligeuza vichwa kunitafuta. Wiki ya nne aibu ikanishinda. Ndani ya basi lile alikuwamo mzee mmoja wa usharika wetu. Nikakaza vifuniko vyote kumi na viwili, kwa nguvu.

Tulipofika Chimala basi lilisimama watu wanunue mchele. Jua la pale si kama la kwetu, barafu ilikuwa imeshayeyuka zamani. Nilikuwa nimekaa na kasha miguuni, nasoma daftari la takwimu, nikasikia *pa!* Kisha *pa!* ya pili. Zikafuata nyingine mbili, mfuniko wa kasha ukaruka. Povu jeupe likapanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, likatiririka kwenye viatu vyangu na kwenye gunia la mama wa kiti cha mbele.

"Tairi!" mtu alipiga kelele.

"Tairi gani linanukia hivi?" akajibu mwingine.

Kondakta akaja, akanusa, akaniangalia mimi na begi langu la chungwa.

"Mama, umebeba nini?"

"Sampuli."

"Sampuli za nini?"

"Za utafiti. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili."

Mzee mmoja nyuma, si yule wa usharika, mwingine, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa dereva: "Hata mimi nikitumwa na mke wangu nauita sampuli."

Basi lililipuka kwa vicheko. Mama mwenye gunia, ambaye nilidhani atanipiga, alikung'uta povu kwenye mchele wake akaniuliza kama nauza. Yule mzee wa usharika aliinamisha kichwa, nikaona mabega yake yanatikisika. Nilijaribu kushika uso wa msomi nikashindwa. Nilicheka hadi Igurusi, nikiwa nimekumbatia kasha, nikihesabu chupa zilizopona. Zilikuwa nane.

Kicheko kiliisha Jumatatu asubuhi. Zilizopasuka zilikuwa tatu za mbeta zisizooshwa na moja ya zilizooshwa. Makundi yangu mawili hayakulingana tena, na niliamini utafiti umekufa. Nilikwenda kwa yule dada wa takwimu kabla ya kipindi, sijalala vizuri, nikamsimulia kila kitu. Aliposikia *pa* ya pili ilibidi akae. Alipomaliza kucheka alifuta ubao.

"Mwalimu, mbona hili ndilo somo la leo?"

Na kweli lilikuwa somo la leo. Namna ya kulinganisha makundi yasiyolingana, namna ya kuandika kwa uaminifu kile kilichopotea na sababu yake. Alinisimamisha ubaoni, nikafanya hesabu za chupa zangu mwenyewe mbele ya vijana wote. Nilipofika jibu, darasa likapiga makofi. Sikuwa nimewahi kupigiwa makofi kwa sababu ya hesabu. Nilirudi kwenye kiti nikiwa nimejipaka chaki mpaka masikioni. Baadaye nilifaulu kozi ile vizuri tu, si kama uyoga, lakini ilihesabika.

Kisha ikaja kazi ya kuandika. Tasnifu zetu huandikwa kwa Kiingereza, na kanuni zilisema kila neno la lugha nyingine liandikwe kwa herufi za mlazo na lielezwe maana. Nikawa na maneno mengi ya nyumbani. Mtogwa ni ulanzi mtamu wa kwanza. Mkangafu ni ule uliokwisha kuwa mkali. Nilimpigia simu mama mgema kuhakikisha, simu yake haikupatikana. Kwa kukata tamaa nikampigia Baba, nikamuuliza kwa mzunguko mrefu kama amewahi kusikia, labda kwa majirani, jina la ule ulanzi wa katikati, usio mtamu wala mkali.

Alinijibu bila kusita. Alinipa majina mawili. Kisha akanisahihisha namna nilivyotamka mbeta, akanieleza kisu kinavyoshikwa, kwa nini ncha ya mwanzi hukatwa asubuhi na jioni, na mwanzi wa umri gani haugemwi. Nilikuwa naandika mbiombio. Katikati ya maelezo nikaacha kuandika.

"Baba, wewe umeyajulia wapi haya?"

"Kabla sijaokoka," alisema, "mimi nilikuwa mgema. Mzuri. Watu walitoka mbali."

Nilikaa kitandani. Miaka yangu yote thelathini na minane, sikujua! Nilimwomba anieleze zaidi, na alieleza saa nzima, sauti yake ikizidi kuwa changa. Mwisho nikamwambia kwamba mambo haya lazima niyaandike kwenye tasnifu kama mawasiliano binafsi, na kanuni zinataka mhusika atoe idhini kwa maandishi. Wiki iliyofuata ikaja barua. Ilianza kwa salamu katika jina la Yesu Kristo, ikaendelea kwa kukiri mambo ya ujanani, ikamalizia kwa kunipa ruhusa kamili ya kutumia maarifa yake "kwa faida ya sayansi, wala si kwa unywaji." Niliiweka kwenye viambatisho kama ilivyo.

Siku ya kutetea tasnifu, Baba alikuja. Utetezi ni wa wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kuketi, lakini sikutegemea angefunga safari. Alikuja na suti ya kijivu na mwamvuli, akaketi mstari wa mbele karibu na Sista, wakasalimiana kama wajumbe wa nchi mbili. Meza kuu walikuwapo mwenyekiti, msimamizi wangu, na mtahini wa nje, profesa mama kutoka chuo kingine, mwenye sauti ndogo iliyofanya watu wote wainame kusikiliza.

Niliwasilisha. Chupa zangu zilionyesha kwamba mbeta ikioshwa, ulanzi unachelewa kuwa mkali, na aina za chachu zinapungua. Nilieleza ajali ya Chimala kwa lugha ya kisayansi, na bado mwenyekiti alitabasamu. Kisha profesa akafungua nakala yake penye kikaratasi cha njano.

"Ukurasa huu umeandika kwamba ncha hukatwa mara mbili kwa siku ili kidonda cha mwanzi kisifunge. Rejeo lako ni mawasiliano binafsi. Chanzo hiki kinaaminika?"

"Kinaaminika, Profesa."

"Anapatikana mtu huyu, tukitaka kumuuliza?"

Nyuma yangu nilisikia kiti kinasogea.

"Nipo, Mheshimiwa," alisema Baba.

Mwenyekiti alimtazama profesa, profesa akamtazama Baba, kisha akafunga kalamu yake. "Karibu, mzee. Tueleze."

Baba akaja mbele. Akausimamisha mwamvuli wake wima, ukawa mwanzi. Akachomoa kalamu mfukoni, ikawa kisu. Akaonyesha mkato, mwembamba kama karatasi, akaeleza kwamba ukichelewa hadi kesho yake mwanzi unajifunga na kukunyima, na ukikata kwa pupa unaua. Aliwaeleza sauti ya tone la kwanza ndani ya mbeta. Msimamizi wangu alikuwa ameshika kidevu kwa mikono miwili kama mtoto anayesikiliza hadithi. Baba alikuwa ameshaanza habari za mianzi ya bonde la pili mwenyekiti alipogonga meza kwa upole.

"Asante sana, mzee. Tusije tukakupa wewe shahada."

Sista alikuwa wa kwanza kucheka, na baada ya hapo hakukuwa na heshima tena chumbani mle.

Walitutoa nje kwa dakika ishirini. Nilizunguka koridoni, Baba akiwa amesimama na mwamvuli, anajishangaa mwenyewe. Walipotuita, mwenyekiti alisema nimefaulu, kukiwa na marekebisho madogo. Profesa alinisomea orodha. Pambizo la kushoto la sura ya tatu lilikuwa jembamba kuliko kanuni inavyotaka. Picha moja ilikuwa imelala ubavu. Na kwenye sura ya mbinu za utafiti palikuwa na sentensi ambayo mimi sikukumbuka kuiandika wala msimamizi wangu hakuiona, ikisema kwamba sampuli za wiki ya tano zilifika salama kwa neema ya Mungu.

"Neema haipimiki," alisema profesa kwa ile sauti yake ndogo. "Iondoe kwenye mbinu, ipeleke kwenye shukrani."

"Amina," alisema Baba.

Nilirekebisha kwa siku nne. Nilipima pambizo kwa rula kurasa zote, mia moja na kumi na mbili, nikiimba. Daktari alisaini. Mkuu wa idara alisaini. Nikapeleka nakala ngumu zilizojalidiwa ofisi ya uzamili, na yule mama akavaa miwani, akafungua moja baada ya nyingine, akaangalia saini, tarehe, na maandishi ya dhahabu ubavuni. Nilishika meza. Aligonga muhuri mara nne, akanisukumia stakabadhi.

"Umemaliza, mwalimu. Huna unachodaiwa."

Nje kulikuwa na manyunyu na baridi ya Mbeya inayoingia mpaka kwenye mifupa. Nilisimama uwanjani na stakabadhi ndani ya koti isilowe, nikampigia mkuu wangu wa shule kumwambia kwamba ninarudi. Alinipongeza kwa sauti kubwa. Kisha akaniambia nimepangiwa vidato vya tatu vyote, vipindi ishirini na nane kwa wiki, na usimamizi wa bweni la wasichana, na kwamba Jumatatu saa moja na nusu wananisubiri.

"Sawa, mkuu," nilisema. Nilikuwa bado nacheka.